Gari la kasi katika barabara ya kila siku: Raha yake, sheria zake na hesabu zake

ASUBUHI ya Januari 28, 1938, dereva wa Kijerumani Rudolf Caracciola aliingia katika gari la Mercedes-Benz lililotengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuvunja rekodi, akaliendesha katika barabara kuu iliyo kati ya miji ya Frankfurt na Darmstadt kwa mwendo wa kilomita 432.7 kwa saa. Saa chache baadaye siku hiyohiyo, mpinzani wake Bernd Rosemeyer, wa timu ya Auto Union, alijaribu kumpiku katika barabara ileile. Upepo wa ubavuni ukalisukuma gari lake nje ya njia, naye akapoteza maisha akiwa na umri wa miaka 28.

Rekodi ya Caracciola ilidumu kwa karibu miaka 80 kama mwendo mkubwa kuliko wote uliowahi kupimwa katika barabara ya umma. Ilivunjwa Novemba 2017 katika jimbo la Nevada, Marekani, pale gari la Koenigsegg Agera RS kutoka Sweden lilipofikisha wastani wa kilomita 447 kwa saa. Hata hivyo, barabara hiyo ilifungwa kwanza. Hapakuwa na basi, wala baiskeli, wala mtu aliyekuwa akivuka kwenda dukani.

Matukio hayo mawili yanabeba kiini cha suala linalowahusu wapenzi wote wa magari ya michezo, wawe Stuttgart, Nairobi au Dar es Salaam. Gari lililoundwa kwa ajili ya kasi huuzwa kwa mtu wa kawaida, likapewa namba za usajili za kawaida, kisha likaingia katika barabara ya watu wote. Je, raha yake inapatikana wapi, na kwa gharama ya nani?

Gari la michezo ni gari la namna gani?

Kwa maana iliyozoeleka, gari la michezo ni gari dogo, la chini, lenye viti viwili au viwili na nusu, lililoundwa kwa kutanguliza uendeshaji kuliko mizigo na abiria. Injini yake yaweza kukaa mbele, katikati au nyuma. La msingi ni kwamba usukani, breki, gia na springi zake zimepangwa ili dereva aelewe upesi kinachotendeka kati ya matairi na lami.

Mfano unaofahamika zaidi ni Porsche 911. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963 kwa jina la 901, kisha likabadilishwa jina baada ya kampuni ya Peugeot ya Ufaransa kulalamika kwamba namba tatu zenye sifuri katikati zilikuwa haki yake. 911 ya kwanza ilikuwa na injini ya lita mbili yenye nguvu za farasi 130, na mwendo wake wa juu kabisa ulikuwa takriban kilomita 210 kwa saa. Kwa wakati wake lilikuwa gari la kutisha. Leo, magari mengi ya familia yana nguvu zaidi ya hizo.

Hapo ndipo tatizo la magari ya kasi ya sasa linapoanzia. Ferrari F40 ya mwaka 1987 ilikuwa na nguvu za farasi 478 na ilitangazwa kuwa na uwezo wa kwenda kilomita 324 kwa saa. McLaren F1 ilifikisha kilomita 386 kwa saa mwaka 1998. Bugatti Veyron iliyoingia sokoni mwaka 2005 ilikuwa na silinda 16, nguvu za farasi 1,001, na iliweza kuvuka kilomita 400 kwa saa. Kwa mwendo huo tangi lake la lita 100 lilikauka kwa muda wa dakika kama 12.

Magari yamebadilika, lakini barabara hazikubadilika kwa kiasi hicho. Upana wa njia moja ni uleule, kona ni zilezile, na macho ya dereva ni yaleyale aliyokuwa nayo babu yake. Katika magari mengi ya michezo ya leo, gia ya pili peke yake inatosha kulipeleka gari zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho kwa sekunde tatu au nne tu huwa amekwisha kuvunja sheria za nchi nyingi duniani, naye bado hajafika gia ya tatu.

Hesabu ambayo haibishaniwi

Anayetaka kuelewa kwa nini mwendo huzusha ubishi mkali hana budi kuanza na hesabu ya breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 100 kwa saa husafiri mita 28, na kwa kilomita 200 husafiri mita 56. Binadamu aliye makini, asiyekuwa na simu mkononi wala kilevi kichwani, huhitaji kama sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu wake ukanyage breki. Katika sekunde hiyo gari halijapunguza chochote.

Baada ya hapo breki huanza kazi, na kanuni ya fizikia ni moja: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kufunga breki huongezeka mara nne. Kwa breki nzuri na lami kavu, gari la kilomita 50 kwa saa husimama ndani ya mita 12 hivi tangu breki zilipokanyagwa, la kilomita 100 ndani ya mita 48, na la kilomita 200 ndani ya mita zaidi ya 190. Ukijumlisha na ile sekunde ya kutambua hatari, dereva wa kilomita 200 kwa saa anahitaji karibu robo kilomita kusimama.

Hesabu hiyo ina sura ya kutisha zaidi mjini. Chukua magari mawili yanayokwenda sambamba, moja kwa kilomita 50 kwa saa na jingine kwa kilomita 80. Mtoto anachomoza barabarani mita 26 mbele yao, na madereva wote wawili wanamwona kwa wakati mmoja. Gari la kwanza linasimama mbele ya mtoto yule. La pili, pale lilipo la kwanza, ndiyo kwanza limeanza kushikwa na breki, na bado linakwenda kilomita 75 kwa saa. Tofauti ya kilomita 30 tu imegeuka kuwa tofauti kati ya mshtuko na msiba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara 4.5 mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Aidha, kila ongezeko la asilimia moja katika wastani wa mwendo huambatana na ongezeko la asilimia nne katika hatari ya ajali zinazoua. Kwa mujibu wa shirika hilo, ajali za barabarani huua takriban watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29.

Ujerumani: Uhuru wenye masharti

Wapenzi wa kasi hupenda kuitaja Ujerumani kama pepo yao, kwa kuwa takriban asilimia 70 ya barabara zake kuu za magari hazina kikomo cha mwendo cha kudumu. Ni kweli, lakini ukweli huo una mipaka inayosahauliwa. Ndani ya miji ya nchi hiyo kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na katika barabara za kawaida nje ya miji ni kilomita 100. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1978 serikali imependekeza mwendo wa kilomita 130 kwa saa kwa barabara kuu zisizo na kikomo. Anayezidi mwendo huo hatozwi faini, lakini akipata ajali, hata ile iliyosababishwa na mwingine, aweza kubebeshwa sehemu ya gharama kwa sababu mwendo wake ulichangia.

Mipaka hiyo ilijaribiwa Julai 2021, wakati tajiri mmoja kutoka Jamhuri ya Czech alipoendesha Bugatti Chiron kwa kilomita 417 kwa saa katika barabara ya A2, kati ya Berlin na Hannover. Picha za video za safari hiyo zilipotangazwa Januari 2022, waendesha mashtaka walifungua uchunguzi. Miezi michache baadaye waliufunga kwa kukosa ushahidi kwamba kosa la jinai lilitendeka. Sheria haikumtia hatiani, lakini wengi walijiuliza ni dereva gani wa kawaida, anayetazama kioo cha nyuma kabla ya kubadili njia, angeweza kukadiria ujio wa gari linalosafiri zaidi ya mita 115 kwa sekunde.

Kwa upande mwingine, Ujerumani hiyohiyo ndiyo iliyotoa mojawapo ya hukumu kali kuliko zote dhidi ya madereva wa mbio za mitaani. Usiku wa Februari 1, 2016, vijana wawili walishindana kwa magari yenye nguvu kubwa katika mtaa maarufu wa Kurfürstendamm mjini Berlin, wakipita taa nyekundu moja baada ya nyingine. Mmoja wao aliingia katika makutano kwa mwendo wa kati ya kilomita 160 na 170 kwa saa, mahali palipo na kikomo cha 50, akamgonga mzee wa miaka 69 aliyekuwa akipita kwa taa yake ya kijani. Mzee yule alifariki dunia papo hapo.

Mwaka 2017 mahakama ya Berlin iliwahukumu wote wawili kifungo cha maisha kwa kosa la mauaji ya kukusudia, jambo ambalo halikuwahi kutokea nchini humo kwa ajali ya aina hiyo. Rufaa zilifuata. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliithibitisha hukumu ya mauaji kwa dereva aliyemgonga mzee, na mwaka uliofuata mwenzake akahukumiwa kifungo cha miaka 13. Kesi hiyo pia ilichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 2017 inayofanya mbio za magari zisizo na kibali kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo hadi miaka 10 iwapo mtu atakufa.

Sheria za kwingineko

Nchi nyingine zimefuata njia zao. Uswisi ilianzisha mwaka 2013 sheria maalumu dhidi ya madereva wa mwendo wa kupindukia. Anayezidisha kilomita 50 juu ya kikomo cha 50, au kilomita 60 juu ya kikomo cha 80, huhesabiwa kuwa mhalifu, na gari lake laweza kutaifishwa. Awali sheria hiyo iliweka kifungo kisichopungua mwaka mmoja, ingawa tangu mwaka 2023 mahakama zimepewa nafasi ya kulegeza adhabu katika mazingira fulani. Nchini Finland, faini kwa makosa makubwa ya mwendo hukadiriwa kwa kipato cha mkosaji, hivyo tajiri hawezi kuinunua kasi kwa bei anayotozwa maskini.

Katika Kisiwa cha Man, kilichoko kati ya Uingereza na Ireland, barabara nyingi za mashambani hazina kikomo cha jumla. Hata hivyo, kosa la kuendesha kwa hatari lipo palepale. Jimbo la Montana nchini Marekani nalo lilijaribu uhuru wa namna hiyo kati ya mwaka 1995 na 1999, likiwataka madereva waende mchana kwa mwendo wa busara tu. Dereva mmoja wa gari la Chevrolet Camaro alikamatwa akienda takriban kilomita 137 kwa saa, akapinga mahakamani, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sheria hiyo haikueleweka kiasi cha kumfunga mtu. Jimbo likalazimika kuweka kikomo cha tarakimu.

Katika Afrika Mashariki nafasi ni finyu zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na magari makubwa hayaruhusiwi kuvuka kilomita 80. Nchini Kenya kikomo cha mijini ni kilomita 50, magari ya abiria na ya mizigo hayapaswi kuzidi 80, na hata katika barabara kuu zenye njia mbili gari dogo halipaswi kuzidi kilomita 110. Askari wa trafiki wenye tochi za kupimia mwendo ni sehemu ya kila safari ndefu, na ujanja wa madereva wa kuwashiana taa ili kuonyana hauipunguzi hatari iliyowafanya askari wale wasimame pale.

Raha yatoka wapi?

Ikiwa sheria na fizikia zote zinafunga mlango wa kasi, kwa nini basi watu wenye akili timamu waendelee kununua magari haya? Jibu la wahandisi waliobobea ni kwamba raha ya kuendesha na kasi ni vitu viwili tofauti, ingawa hukaa nyumba moja.

Ushahidi mzuri wa hilo ni Mazda MX-5. Wazo lake lilizaliwa mwaka 1979, mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, alipomweleza Kenichi Yamamoto wa Mazda kwamba dunia ilikuwa imepoteza magari mepesi ya wazi ya Kiingereza na ilihitaji mengine ya kuaminika. Gari lilionyeshwa mjini Chicago mwaka 1989. Lilikuwa na injini ya lita 1.6, nguvu za farasi zisizofika 120, na uzito chini ya tani moja. Timu iliyoliunda, ikiongozwa na Toshihiko Hirai, ilifuata msemo wa Kijapani unaomlinganisha dereva na gari na mpanda farasi aliyekuwa mwili mmoja na farasi wake. Kufikia mwaka 2016 yalikwisha kutengenezwa magari milioni moja ya aina hiyo, rekodi kwa magari ya wazi ya viti viwili.

MX-5 haikuuzwa kwa sababu ya mwendo, kwani sedani nyingi za wakati wake zingeweza kuiacha. Iliuzwa kwa sababu dereva wake alihisi kila kitu akiwa katika mwendo halali: uzito ukihama kutoka mbele kwenda nyuma, tairi likianza kulalamika, gia ikiingia kwa mkono mfupi na sauti kavu.

Falsafa hiyohiyo ilirudiwa mwaka 2012 na Toyota na Subaru walipotoa kwa pamoja gari la GT86, linalojulikana upande wa Subaru kama BRZ. Waundaji wake walilipa matairi membamba ya aina iliyotumika pia katika baadhi ya magari ya Toyota Prius, gari linalojulikana kwa ubanaji wa mafuta na si kwa mbio. Wengi walishangaa, lakini sababu ilikuwa ya makusudi. Tairi pana lenye mshiko mkubwa husogeza mbali mpaka wa gari, hata dereva asiuhisi mpaka awe katika mwendo wa hatari. Tairi jembamba huuleta mpaka huo karibu, mahali ambapo kosa laweza kusahihishwa.

Kwa ufupi, gari lenye nguvu za farasi 600 hutembea mjini kama simba aliyefungwa kamba. Gari jepesi lenye nguvu za farasi 150 laweza kutumika lote, kona kwa kona, bila kumtisha mtu. Ndiyo maana wajuzi wengi husema afadhali kuliendesha gari la wastani kwa ufundi kuliko kuliburuza gari la ajabu kwa woga.

Urithi wa Safari Rally

Mapenzi ya Waafrika Mashariki kwa magari ya kasi hayakuletwa na sinema. Yalizaliwa barabarani, mwaka 1953, mashindano ya Safari yalipoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi sifa ya pekee ya mashindano hayo ilikuwa kwamba barabara zake hazikufungwa. Washindani walikutana na malori, ng'ombe, watoto wa shule na mafuriko, na timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya magari yao ili kuonya kuhusu kilichokuwa kikija.

Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta naye alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia mwaka 1979. Baadaye zikaja Subaru. Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, huku Mkenya Patrick Njiru akiifanya Subaru ipendwe na mashabiki wa nyumbani. Tangu hapo, gari hilo lenye turbo na magurudumu manne yanayosukuma limekuwa ndoto ya vijana wengi wa Nairobi, na mngurumo wake hutambuliwa na watu wasiojua hata rangi ya bendera ya Japani.

Safari ilitolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Iliporejea mwaka 2021, katika eneo la Naivasha, ilirejea kwa sura mpya. Hatua za mbio zilifanyika katika njia zilizofungwa, nyingi zikiwa katika mashamba na hifadhi za watu binafsi. Hata mashindano yaliyojengwa juu ya barabara huria yalikiri kwamba zama hizo zimepita. Idadi ya watu imeongezeka, bodaboda zimejaa, na nchini Kenya watembea kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanaouawa barabarani.

Magari mengi ya michezo yanayoonekana katika miji ya Afrika Mashariki ni yaliyotumika Japani, yaliyoingia kwa bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Yana historia inayofaa kukumbukwa. Kati ya mwaka 1989 na 2004 makampuni ya Japani yalikuwa na makubaliano ya hiari ya kutotangaza gari la soko la ndani lenye zaidi ya nguvu za farasi 280 kwa kipimo cha nchi hiyo, na magari yao yalifungiwa mwendo usizidi kilomita 180 kwa saa. Fundi anayemwahidi mteja kukiondoa kizuizi hicho anamuuzia kitu ambacho hakuna barabara ya kukitumia kihalali kuanzia Mombasa hadi Kigoma.

Matunzo yasiyo na mjadala

Mmiliki wa gari la kasi ana wajibu kuliko mmiliki wa gari la kawaida, hata kama haendi mbio. La kwanza ni matairi. Sehemu ya tairi moja inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mkono, na viganja hivyo vinne ndivyo vinavyobeba kila kitu. Tairi huandikwa ubavuni tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huandikwa pia herufi ya mwendo linaloweza kuhimili: H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Tairi la mtumba lililopoteza ulaini wake halifai kabisa kwa gari la namna hii, hata kama kashata zake bado zinaonekana. Upepo nao upimwe tairi likiwa baridi.

La pili ni breki. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Breki zikipata moto mkali, unyevu huo huchemka na kuwa mapovu, na dereva hukuta pedali inazama mguuni bila gari kusimama. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi ni gharama ndogo. Pedi na shokapu vilevile zikaguliwe na fundi anayelijua gari lenyewe.

La tatu ni mvua. Maji yakikaa juu ya lami, tairi pana huweza kuelea juu yake badala ya kuyakata, na hapo usukani huwa mwepesi ghafla kama wa gari lililoinuliwa kwa jeki. Dawa yake ni kuachia mafuta taratibu, usukani ukiwa umenyooka. Mifumo ya kuzuia magurudumu kujifunga na ya kudhibiti kuteleza husaidia mno, lakini haiongezi mshiko ambao tairi halina.

La nne ni bima. Mikataba mingi huondoa kabisa fidia kwa madhara yaliyotokea katika mashindano, na aliyelifanyia gari mabadiliko makubwa ya injini bila kuiarifu kampuni aweza kujikuta mikono mitupu siku ya shida.

Mahali pa kuimaliza hamu

Kwa anayetaka kujua gari lake lina uwezo gani hasa, jibu ni uwanja wa mbio. Maarufu kuliko yote ni Nürburgring ya Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo njia yake ya kaskazini ina urefu wa karibu kilomita 21. Siku zilizotengwa, mtu yeyote mwenye leseni na gari lililosajiliwa hulipa kiingilio na kuingia. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba siku hizo njia hiyo huhesabiwa kuwa barabara ya kulipia ya mwelekeo mmoja. Sheria za barabarani hutumika, kupita gari jingine ni kwa kushoto tu, kujipima muda ni marufuku, na anayeharibu kingo za chuma hulipa.

Afrika Kusini ina viwanja vya Kyalami, jirani na Johannesburg, na Killarney mjini Cape Town. Katika Ghuba, Dubai ilipata uwanja wake mwaka 2004 na Abu Dhabi mwaka 2009, na vyote viwili hupokea madereva wa kawaida siku maalumu. Katika viwanja hivyo kuna nafasi ya kukosea, kuna gari la wagonjwa karibu, na hakuna mtoto anayetumwa chumvi.

Barabarani, raha iliyobaki si haba. Alfajiri ya Jumapili, lami ikiwa kavu na foleni hazijaanza, dereva wa gari jepesi aweza kushuka gia kabla ya kona, akaliingiza gari kwa mwendo anaoweza kusimama ndani ya umbali anaouona, na kutoka upande wa pili akitabasamu bila kuvunja sheria yoyote. Kanuni hiyo ya kusimama ndani ya umbali unaoonekana ni ya zamani kuliko tochi na kamera zote, na ndiyo pekee inayofaa kwa kila gari na kila barabara.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuyaona magari ya nguvu za farasi 1,000, lakini waliijua njia ambayo kila mtu anapita.